Mkono Katika Ukuta wa Kaskazini

Ostrogóra, 9 Julai 1984

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mapafu yanaendeleaje? Mama anauliza kama huko hospitali wanabadilisha mashuka, na kama ile jemu ya plamu ilikufikia au wameila wahudumu. Mimi nauliza kama unakunywa dawa au unaimwagia maua ya dirishani kama ulivyofanya hapa nyumbani.

Nina habari mbili. Mbaya kwanza. Mtihani wa kuingia chuo kikuu wa maandishi nilifaulu. Wa mdomo nilikaa mbele ya maprofesa watatu na sikusema kitu. Si kwamba sikujua, Babu. Nilijua kila walichouliza. Maneno yalifika hapa kooni yakakaa, kama watu wanaoogopa kuwa wa kwanza kuingia mlangoni. Profesa mwenye ndevu akaniambia, "Binti, ukuta wa nyuma yangu unasema kuliko wewe."

Habari njema ni kwamba nimechukuliwa kasrini, kuongoza wageni hadi majani yapukutike. Nafasi yako! Bwana Zenobiusz mkurugenzi alisema mjukuu wa Walenty hawezi kukosa la kusema. Kundi langu la kwanza lilikuwa la wauguzi thelathini. Nilisimama langoni nikiangalia viatu vyao mpaka mmoja akasema, "Mwanangu, sisi tumezoea maiti, wewe sema tu." Wakacheka, nami nikacheka, basi nikaanza.

Niliwasimulia kama ulivyonifundisha. Mfalme Kazimierz aliyekuta nchi ya mbao akaiacha ya matofali. Malkia aliyekaa hapa majira matatu ya baridi akimngoja mumewe arudi kutoka uwindaji. Waswedi waliochoma paa, miaka ambayo kasri lilikuwa ghala la nafaka, kisha gereza, na baruti ya Wajerumani mwaka arobaini na tano. Mwisho nikawapeleka kwenye ukuta wa kaskazini, kwenye Mkono, na hapo sikuhitaji ujasiri. Niliwaonyesha kiganja kidogo kilichobanwa kwenye tofali, na kando yake ile mifereji mitatu ya vidole vya mtu mzima. Nikawaambia habari za binti wa mfyatua matofali aliyeweka mkono kwenye udongo mbichi wakati baba yake anafuta udongo uliozidi, na Mfalme aliyewakuta akasema, "Mimi nina muhuri, hawa wana mikono. Tofali hili liwekwe panapoonekana." Muuguzi mmoja alilia. Wote waligusa kabla ya kuondoka.

Sasa swali. Nilipokuwa na miaka minane ulinifundisha kwamba tofali ukutani hulala kwa tumbo, ule uso wake mpana, na nje huonyesha ubavu au kichwa. Hili la Mkono linaonyesha tumbo. Tena pale chokaa ilipobanduka nimechungulia: unene wake ni vidole vitatu tu, na yale ya Mfalme yote ni unene wa kiganja kizima. Kwa nini?

Nauliza kwa sababu kasri linatimiza miaka mia sita na hamsini, na amekuja Daktari Kordula Wrzos kutoka Kraków kuchunguza kuta zote. Amesema kijana atakayemwandikia uchunguzi mzuri atamsaidia kuingia chuoni mwakani. Ninaandika, Babu. Kwenye karatasi mimi si bubu.

Mjukuu wako,
Halszka


Hospitali ya mapafu, milimani, 15 Julai

Bubu wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mashuka yanabadilishwa. Jemu imefika. Mwenzangu wa chumbani, Telesfor, dereva wa treni mstaafu, anaionja kwa kijiko changu akidhani nimelala. Anakoroma kama injini inayopanda mlima, na ikifika kileleni inapiga filimbi.

Usilie kwa ajili ya mwenye ndevu. Mimi nilipooa sikumwambia bibi yako neno kwa miezi mitatu, nilimtengenezea jiko. Alielewa.

Kuhusu tofali. Waashi wa zamani walikuwa na mambo yao, na Mfalme akitaka tumbo lionekane, litaonekana. Umeuliza, nimejibu, yaishe. Wala usimtajie huyo daktari wa Kraków.

Halszka, nakuomba jambo moja tu mwaka huu. Mtu yeyote asiuguse ule Mkono kwa chombo, hata kwa brashi. Wageni waguse kwa vidole vyao, hiyo sawa, ndiyo kazi yake. Na ikifika Siku ya Watakatifu Wote nami sijarudi, washa mshumaa pale chini yake kama ninavyofanya kila mwaka. Najua watu husema Walenty amechanganyikiwa, anawawashia wafalme mishumaa na wafu wake wako makaburini. Waache waseme.

Msalimie mama yako. Mwambie huyo Teodora wangu avae soksi, najua huko kantini anatembea pekupeku kwenye mawe ya kasri.

Babu yako,
Walenty


Kraków, 26 Julai

Kwa Bi Halszka, kasri la Ostrogóra

Bi Halszka,

Nimezisoma mara mbili kurasa sita ulizoniwekea mezani tarehe kumi na mbili. Nimefundisha miaka ishirini na sijapata mwanafunzi aliyeangalia ukuta kwa subira kama yako.

Uko sahihi. Tofali lenye kiganja si la enzi ya Mfalme. Kipimo chake ni cha matanuri madogo ya upande wa mashariki, ya kabla ya vita. Liliwekwa hapo katika ukarabati wa mwaka arobaini na tisa, nadhani na mwashi mpenda mzaha, na hadithi ya Mfalme ikaoteshwa baadaye. Hatuwezi kuingia kwenye sherehe za kasri na mzaha ukutani. Tarehe 27 Agosti tutalitoa na kuziba kwa tofali la kipimo sahihi. Nataka uwepo. Heshima ya ugunduzi ni yako, na nitaisema hivyo katika barua nitakayokiandikia chuo.

Kwa heshima,
Dkt. Kordula Wrzos


Ostrogóra, 30 Julai

Babu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia tarehe kumi na tisa. Ingekuja wiki moja mapema ningefurahi zaidi. Lakini barua haina kosa, ni posta.

Mkono uko mahali pake. Jana nilisimama chini yake muda mrefu. Kulikuwa na maharusi kutoka kijiji cha bondeni, bibi harusi akabandika kiganja chake juu ya kile kidogo na shela ikanasa kwenye jukwaa la mafundi. Mama alitoka kantini mbio na trei ya chai akapiga kelele, "Jamani msimvue bibi harusi kabla ya saa yake!" Watu walicheka mpaka fundi Kajetan akakaa chini.

Mama ana soksi. Anazivaa ukitajwa wewe.

Babu, nataka kukuuliza kitu cha kawaida tu. Kitu kikiwa kizuri lakini si cha kweli, ni haki kibaki? Shuleni tulifundishwa kwamba ukweli ndio unaodumu.

Halszka


Milimani, 6 Agosti

Bubu wangu,

Ulipokuwa na miaka sita uliniuliza kama vikombe vina roho. Nikaenda jikoni nikakuta vipande vya kikombe cha bibi yako nyuma ya ndoo. Ukianza maswali ya namna hiyo najua umevunja kitu. Umevunja nini?

Nakujibu hata hivyo. Kuna ukweli wa kupima kwa rula, na huo ni mzuri, bila huo ukuta unaanguka. Lakini mtu hajengi ukuta kwa ajili ya rula.

Wamenipiga picha ya kifua tena. Daktari wangu mpya ni kijana, mpole sana. Simpendi daktari mpole. Yule mkali aliyekuwa akinifokea kuhusu tumbaku alikuwa na matumaini nami.

Niandikie upesi. Usipige simu ofisini, hapa ikilia simu wodi nzima inakuja kusikiliza.

Walenty


Ostrogóra, 13 Agosti

Babu,

Nimevunja, au nitavunja. Uchunguzi nilioandika ulikuwa wa Mkono. Nilimpa Daktari Kordula siku saba kabla barua yako haijafika, kisha nikakuficha kwa sababu nilitumaini hatausoma. Ameusoma. Anasema tofali ni la mashariki, la kabla ya vita, na mwashi alilibandika hapo kwa mzaha. Watalitoa tarehe ishirini na saba.

Ukarabati wa mwaka arobaini na tisa, Babu. Nimekaa na mwaka huo kichwani siku nzima. Ukuta wa kaskazini uliujenga wewe.

Sikudhani wewe ni mwongo. Nilidhani nitakufurahisha. Nilidhani utasema, "Tazama, Bubu ameona ambacho hakuna aliyekiona miaka thelathini na tano." Nilitumia yale uliyonifundisha mwenyewe. Nifanye nini?

Halszka


Milimani, 17 Agosti

Halszka,

Soma hii ukiwa peke yako kisha uitie kwenye jiko.

Kabla ya mama yako tulikuwa na binti mwingine. Jina lake Salomea, tulimwita Salka. Alizaliwa mashariki, ng'ambo ya mto Bug, ambako baba yangu na babu yangu walifyatua matofali, nami nilifyatua. Kiangazi cha mwaka arobaini na tano tulishaambiwa mpaka wa nchi umesogezwa nasi tutahamishwa, kijiji chote, na bado nilichanganya udongo kwa tanuri la mwisho. Sijui kwa nini. Mikono haikujua kazi nyingine. Nilikuwa nafuta udongo uliozidi kwenye kalibu, hivi, kwa vidole vitatu, Salka akaja akabandika kiganja kando ya vidole vyangu. Akasema, "Baba, na mimi nimefanya kazi." Alikuwa na miaka sita.

Oktoba walitupakia kwenye behewa lisilo na paa, sisi na ng'ombe wetu. Siku kumi na saba. Theluji ilianza mapema. Blanketi lilikuwa moja, Halszka. Mama yako alikuwa na miaka miwili. Bibi yako akampa mdogo, kama mtu yeyote angefanya. Salka mwenyewe alisema apewe mdogo, yeye atamkumbatia ng'ombe. Homa ilimpata siku ya tisa. Tarehe thelathini na moja treni ikasimama mahali penye nyasi tu, hapana kituo wala jina. Nilichimba kwa sepetu ya makaa niliyoazima kwa dereva. Filimbi ikalia kabla sijafunga msalaba.

Nimemuuliza Telesfor ni wapi pale inaweza kuwa. Aliweka kijiko chini, akafikiri, akasema, "Mwaka ule, Walenty, treni zilisimama popote."

Tulipofika Ostrogóra na kufungua gunia la viazi, tofali lilikuwa ndani. Bibi yako alilifunga bila kuniambia. Tulikaa nalo chini ya kitanda zaidi ya miaka mitatu. Wakanipa kazi ya ukuta wa kaskazini. Asiye na kaburi la mwanawe hulaza alichonacho. Fundi mwenzangu akauliza, "Hilo la wapi?" Nikamjibu, "La Mfalme." Ndivyo ilivyoanza, kwa neno moja. Nililigeuza tumbo nje, najua kanuni, lakini ningelilaza inavyotakiwa asingeonekana. Baadaye watu wakaanza kumgusa. Kila siku mtu anasema, "Tazama kidogo kilivyo," au "Alikuwa mtoto mzuri huyu." Kaburi gani lina wageni namna hiyo? Nami nikaomba kazi ya kuongoza wageni ili niwepo wanapokuja.

Mama yako hajui kwamba alikuwa na dada. Bibi yako aliniapisha akiwa kitandani, siku zake za mwisho. Alisema Teodora asije akaishi akijua lile blanketi lilikuwa la nani. Nimeshika kiapo miaka kumi na moja, na leo nimekivunja kwako.

Mwambie Daktari. Ana moyo, hakuna anayeangalia kuta miaka ishirini bila moyo. Lakini mwambie faraghani. Mama yako asisikie.

Babu yako


Ostrogóra, 28 Agosti

Babu,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na mbili. Niliichoma. Naikumbuka yote.

Nilikusudia kumngojea Daktari langoni kabla hajaingia. Nilifanya mazoezi ya maneno yangu njiani, maneno kumi na mawili tu: "Daktari, tofali lile ni kaburi la mtoto, naomba sana mliache palepale lilipo." Lakini hakuja peke yake. Alikuja kwenye gari la Bwana Zenobiusz pamoja na mpiga picha wa gazeti, nyuma yao wanafunzi wanane, na watu wa mjini waliosikia kwamba Mkono unatolewa. Nikamsogelea nikamwambia, "Daktari, naomba dakika moja." Akanishika bega. "Baadaye, mpenzi wangu, jua linahama." Akanisimamisha mbele, chini ya jukwaa, nipigwe picha.

Mama akaja na trei ya chai kwa ajili ya mafundi. Alisimama karibu nami kama hivi ulivyo karibu na Telesfor.

Kajetan akapanda na patasi. "Kwaheri, mkono mdogo," akasema, "ulinipa bahati siku ya harusi, bahati mbaya lakini si kosa lako." Watu wakacheka. Nikasema, "Ngojeni." Nilisema, Babu, nakuapia. Kwa sauti. Wote wakageuka. Daktari akaniuliza, "Kuna nini, Bi Halszka?" Mama akaniangalia akasema, "Sema basi, mwanangu, una nini? Uso umekuwa kama chokaa." Alikuwa ameshika trei kwa mikono miwili na kunitolea macho. "Sema, usiogope."

Ningesema, angesikia.

Nikajibu, "Hakuna kitu."

Patasi iligonga mara nne. Chokaa yako ni nzuri kuliko ya Mfalme, haikukubali kuachia. Kajetan akalibandua kwa nguvu, tofali likakatika. Vipande vilianguka kwenye mbao za jukwaa kisha chini. Daktari akaokota kimoja, akaugeuza upande uliovunjika juani, akasema, "Si hasara. Kama nilivyodhani, la tanuri la kijijini." Kikaenda kwenye toroli pamoja na vingine, na toroli likaenda kwenye lundo la kifusi nyuma ya mazizi ya zamani.

Mama aliwapa chai. Alipokuwa anakusanya bilauri aliniambia polepole, "Maskini. Nilikuwa naligusa kila asubuhi nikifungua kantini. Sijui kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe."

Nitalitafuta. Lundo ni kubwa lakini nitalitafuta.

Halszka


Milimani, 5 Septemba

Halszka,

Nimepata barua yako. Niliomba mambo mawili, umetunza moja. Sijui mimi ningechagua lipi.

Siwezi kuandika zaidi sasa.

W.


Ostrogóra, 3 Novemba

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa miezi miwili bila kuandika kwa sababu sikuwa na kitu cha kukupa. Sasa ninacho, si chote.

Kila jioni baada ya kuwatoa wageni wa mwisho nilikwenda nyuma ya mazizi na ndoo. Kajetan aliniita "mchimba dhahabu ya malkia." Baada ya wiki akaacha kunicheka, akaniletea glavu zake, hakuuliza. Mvua ya Septemba iliyeyusha chokaa ikashikamana kama unga uliokandwa. Kisha mwanzoni mwa Oktoba lori likaja likabeba nusu ya lundo kwenda kufukia mashimo ya barabara ya kinu. Nilikimbia nyuma yake hadi darajani.

Tarehe kumi na tisa nilimpata. Kiganja kizima na vidole vyote, isipokuwa ncha ya kidole cha mwisho. Lilikatika kati ya mkono wake na vidole vyako. Kipande chenye mifereji yako mitatu hakipo. Nadhani kiko chini ya barabara ya kinu.

Nilikuwa naliosha kwenye beseni jikoni Mama alipoingia. Nilidhani yuko kanisani. Akasimama mlangoni na koti lake. Akaja, akakausha mkono wake kwenye aproni, akauweka juu ya kile kidogo. Akauliza, "Huyu ni nani, Halszka? Usiniambie Mfalme."

Nikamwambia. Nimesema mbele ya mtu, Babu, na sikuangalia viatu. Nilimwambia Salka, dada yake, miaka sita, tanuri la mwisho, treni iliyosimama pasipo na jina, wewe na ukuta. Akauliza alikufa kwa nini. Nikasema, homa, njiani. Akangoja niendelee. Sikuendelea. Maisha yangu yote nimenyamaza kwa woga, na hii ndiyo mara ya kwanza nimenyamaza kwa makusudi. Kiapo cha bibi kuhusu blanketi hakijavunjwa kwa Mama. Nimejifunza kwako, kusema kiasi na kulaza kilichobaki ndani ya ukuta.

Mama hakuondoa mkono wake juu ya kile kidogo mpaka supu ikaungua. Kisha akasema, "Kwa hiyo baba hakuwa akiwawashia wafalme."

Siku ya Watakatifu Wote tulikwenda makaburini mapema, kabla umati haujajaa. Unajua inavyokuwa, kila kaburi linawaka na harufu ya nta na maua imezidi pumzi. Tulichimba kwenye kaburi la bibi, upande wa kushoto, ule uliouacha wazi. Nilikuwa nimelifunga kwenye gazeti. Mama akalitoa gazeti, akavua shali yake ya sufi, ile nene ya kijivu, akamfunga Salka kwa hiyo, mara mbili, akapenyeza ncha chini kama anavyofungwa mtoto. Upepo ulikuwa mkali naye alibaki na blauzi. Nilitaka kumwambia asifanye hivyo, atapata ugonjwa, nikashindwa. Akasema, "Ardhi ina baridi, Halszka. Na huyu ni mdogo."

Mdogo, amesema hivyo.

Baadaye niliwasha mshumaa pia chini ya ukuta wa kaskazini, kama ulivyoagiza, ingawa pale sasa pana tofali jipya lenye unene sahihi. Nilikuta mishumaa mingine minne. Sijui ya nani. Wageni bado huuliza uko wapi Mkono. Nawaambia haukuwa wa Mfalme. Ulikuwa wa binti aliyekuja kutoka mbali na baba yake mwashi, na sasa amepumzika kwa mama yake.

Daktari Kordula ameandika chuoni. Mwakani nitakaa tena mbele ya yule mwenye ndevu, ukiruhusu.

Theluji ikiyeyuka nitakwenda barabara ya kinu kutafuta kipande chako. Nisamehe.

Halszka


Milimani, 11 Novemba

Mjukuu wangu,

Anayeandika ni Telesfor, mimi nasema tu. Mkono wangu umeanza kutetemeka na sitaki udhani nimelia kwenye karatasi. (Mimi Telesfor naongeza: amelia, na jana hakula.) Usimsikilize huyu, ni mwizi wa jemu.

Nimesomewa barua yako mara tatu. Pale kwenye shali nilimwambia asimame, nikageukia dirishani, kisha akaendelea. Bibi yako aliomba jambo hilo miaka ishirini na minane, kila alipopiga magoti, kwamba Salka afunikwe. Hakujua atakayemfunika ni nani. Usimwambie mama yako kamwe. Mnunulie shali nyingine.

Nilikukasirikia. Nilikasirika Septemba yote na kidogo ya Oktoba, ujue, nisije nikaondoka ukidhani babu yako alikuwa mtakatifu. Ila nimewaza. Miaka thelathini na tano nilimsimamisha mtoto ukutani, upepo wa kaskazini unampiga, kwa sababu nilitaka kumwona. Wewe na rula yako mmemlaza.

Nenda Kraków. Mwenye ndevu akikuuliza, sema. Akiuliza lisilomhusu, unajua la kufanya.

Yule daktari mpole alikuja leo asubuhi akakaa kitandani kwangu, akanishika bega, akaniuliza kama kuna ninachohitaji kutoka nyumbani. Nimemwambia hakuna, nyumbani ni mimi ninayehitajika.

Barabara ya kinu usiende, Bubu wangu. Acha magari yapite juu yake, ni tofali zuri, litavumilia. Upande wa pili wa Salka uacheni wazi. Vidole vyangu nitavileta mwenyewe.

Walenty